Miaka ya Foleni: Maisha na Maneno ya Watanzania, 1979–1985

Historia ya uchumi wa nchi huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo ni za lazima. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua jinsi dhiki ilivyoingia majumbani mwa Watanzania baina ya mwaka 1979 na 1985 hana budi kuyasikiliza pia maneno waliyoyatumia watu walipokuwa wakihangaikia sukari, sabuni na nguo. Maneno hayo yalizaliwa, au yalibadilika maana, bila ya kuidhinishwa na baraza lolote. Katika insha hii tutayafuata machache, kwani yanatuonyesha jinsi wananchi walivyolazimika kuishi kwa njia ambazo sheria ilizikataza, na ambazo wao wenyewe walikwisha kufundishwa kuzionea haya.

Vyanzo vya dhiki hiyo vyajulikana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na ushindi wa mwaka uliofuata ulipatikana kwa gharama kubwa mno. Lakini si haki kuzitupa lawama zote nje ya mipaka. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vya ushirika vya wakulima, na katika mwaka huo huo ikaendeshwa Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi kabla maduka ya ushirika hayajawa tayari kushika nafasi yake. Basi upungufu ulipofika, ulizikuta njia za kugawa bidhaa zimekwisha dhoofika. Vita vilipomalizika, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikwisha, mikanda ikabaki imefungwa.

Neno la kwanza la miaka hiyo ni foleni. Halikuwa geni, lakini sasa lilitawala siku nzima ya mtu. Watu waliamka alfajiri kwenda kupanga foleni mbele ya duka bila ya kujua duka lingeuza nini siku hiyo; ilitosha kusikia kwamba gari la mzigo limeonekana. Aliyekuwa na kazi nyingine aliweka jiwe, kikapu au kopo mahali pake, na kwa kawaida jiwe hilo liliheshimiwa kama mtu. Tunalitaja jambo hili dogo kwa kuwa lina uzito wake: katika ukata ule, majirani walijitungia sheria yao ya haki, wakaitii bila ya askari. Ugomvi ulizuka zaidi pale ambapo mlango wa nyuma wa duka ulifunguka kwa ajili ya mwenye kibali au mwenye ndugu ndani.

Vitu vilivyopatikana kwa shida vilipewa jina la kiserikali, "bidhaa adimu". Mitaani, ugawaji wake ulipitia mara nyingi kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye aliijua idadi ya watu katika kila kaya. Hivyo kiongozi wa Chama aliyezoea kusuluhisha magomvi na kupokea wageni akajikuta akipima sukari kwa kibaba. Mtu aliyeombwa ushauri sasa aliombwa sabuni, na aliyenyimwa hakumtazama tena kwa jicho lile la zamani. Mila nazo ziliguswa. Mgeni aliandaliwa chai isiyo na sukari, au iliyotiwa sukari guru, na mwenye nyumba akaomba radhi. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Khanga, ambayo bila yake harusi ya pwani haijakamilika, iliadimika, na hata bafta ya sanda ilitafutwa kwa taabu. Ugali ulipikwa kwa unga wa mahindi ya njano ya msaada, nao watu wakaubandika jina la yanga kwa rangi ya klabu ya mpira. Mzaha ulikuwa kitoweo, na pengine hapakuwa na kingine.

Neno lililobadilika kuliko yote ni mradi. Katika hotuba na magazeti ya miaka ya 1970, mradi ulikuwa kiwanda, bwawa au shamba la kijiji. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, mradi ulikuwa pia karai la maandazi, banda la kuku nyuma ya nyumba ya mtumishi wa Serikali, barafu za kuuzia watoto, cherehani ukumbini. Mshahara ulikuwa hautoshi tena kuifikisha kaya mwisho wa mwezi. Katika nyumba nyingi haukuifikisha hata mwisho wa juma. Mke, ambaye zamani alipokea fedha ya matumizi kutoka kwa mumewe, sasa ndiye aliyempa mume nauli ya kwenda kazini. Hatudhani kwamba badiliko hili limepewa nafasi inayolistahili katika historia yetu. Ofisi, shule na zahanati ziliendelea kufunguliwa kila asubuhi kwa sababu maandazi yaliuzwa alfajiri. Mwalimu naye alianzisha tuisheni jioni, na hapo mzazi asiye na kitu akaanza kujua kwamba elimu iliyofutiwa ada ya shule za msingi mwaka 1973 ilikuwa na malipo mengine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba au kuwa na hisa katika kampuni. Wengi walilikubali katazo hilo kwa dhati, nasi tunasema bila ya kusita kwamba lilikuwa jema. Lakini kuku waliofugwa uani walimtia mtumishi mwaminifu katika mashaka: je, huu ni unyonyaji, au ni chakula cha watoto? Swali hilo halikujibiwa rasmi mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililoyalegeza masharti hayo. Watu walikuwa wamekwisha kulijibu zamani kwa matendo.

Hapa ndipo neno mlanguzi linapotutatiza. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, na sheria maalumu ikapitishwa ili kesi zao zisikilizwe nje ya mahakama za kawaida. Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu, kwani mali iliyofichwa ilifichuliwa. Lakini neno lile lile lilimshika mwenye ghala lililojaa na pia mama aliyenunua kilo mbili za sukari na kuiuza kwa vijiko. Mwaka huo huo sheria ya nguvu kazi iliwakusanya waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini, wakiwamo wachuuzi, ili wapelekwe kulima. Kwa maoni yetu, hili lilikuwa kosa: wale walioitwa wazururaji walikuwa wakilisha kaya ambazo mishahara ilikwisha kuzitupa. Mwaka 1984 sheria ile ya uhujumu ilibadilishwa, na kesi zikarudishwa Mahakama Kuu.

Tuonyeshe upande mwingine wa Sokoine huyo huyo, ambao husahauliwa. Mabasi ya shirika la umma yalipozidiwa jijini Dar es Salaam, magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 yaliruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na makondakta wakainadi: dala, dala! Aliyekuwa mvunja sheria jana akawa mtoa huduma leo.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mitumba, ambayo watu waliiita kafa Ulaya, ikajaa masokoni. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alishika urais, na mwaka 1986 Serikali ikafikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo Mwalimu alikuwa ameyakataa kwa miaka kadhaa. Rafu za maduka zilijaa, foleni zikatoweka. Mbele ya rafu hizo alisimama mwenye mshahara ule ule, mkononi ana noti chache, akisoma bei. Na nyumbani karai la maandazi lilikuwa bado liko motoni.