Sauti Kutoka Maskati

Mwaka 2007 nilikuwa na kibanda cha kurekodi huko Ngamiani, Tanga. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhamisha kanda za kaseti na za video kwenda kwenye CD na DVD, kazi ambayo wateja wote waliiita "kuchoma". Neno hilo nalipenda, maana halisemi uongo. Ndani ya diski tupu mna utando mwembamba wa rangi, na mwali wa leza hupita juu yake ukiuunguza nukta kwa nukta. Palipoungua na pasipoungua, hapo ndipo sauti ilipo. Ukishachoma umechoma.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa mtaani kwetu, amebeba mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na kaseti kumi na moja. Wasomaji wa umri wangu watazikumbuka barua za kaseti: ndugu zetu waliokwenda Maskati na Dubai walikuwa wakikaa mbele ya redio, wakibonyeza kitufe cha kurekodi na kuzungumza mpaka utepe umalizike, kisha kaseti wakampa msafiri. Hizi zilikuwa za marehemu mume wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka umtoe mzee humu kabla hajafa mara ya pili."

Mjukuu wake alikuwa anasafiri Jumatatu kwenda huko huko Maskati, na nakala zilitakiwa ziende naye. Nikapiga hesabu. Kaseti kumi na moja za dakika 90 ni dakika 990. CD ya kawaida hubeba dakika 74 au 80 za sauti, kwa hiyo hata kaseti moja isingeenea. Sauti isiyobanwa hula kiasi cha MB 10 kwa dakika, jumla ikawa GB 10 na kitu. DVD moja hubeba GB 4.7. Basi DVD tatu. Kazi ya kuzihamisha ilinichukua wiki nzima, na kaseti moja kuukuu utepe wake ulikatika na kujisokota mara tu ilipomaliza kuchezwa. Sauti ya kaseti ile ikawa imebaki ndani ya kompyuta yangu tu.

Jumamosi usiku kompyuta iliniuliza kama nataka kupokea matoleo mapya ya programu zangu. Nikakubali. Fundi mwenye akili habadilishi msumeno usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kabati, lakini mimi nilibadilisha, tena bila kusoma maelezo. Jumapili asubuhi nikaandika amri niliyoizoea miaka yote, cdrecord, nayo programu ikanijibu kwa jina jingine kabisa: wodim. DVD ya kwanza ikaharibika. Ya pili vile vile. Hata leo siwezi kuapa kama kosa lilikuwa la programu, la diski za bei rahisi nilizonunua, au langu mimi niliyeandika amri kwa mazoea. Lakini lile jina lilinikera. Nani amenibadilishia chombo kikiwa mkononi mwangu?

Nilikuja kuijua habari yenyewe baadaye, kidogo kidogo, na kwa kweli ni habari ya ugomvi.

Katika miaka ya 1990 mwishoni, mtu mwenye mashine ya kuchomea alitegemea zaidi programu za kununua. Mojawapo ya zilizokuwa maarufu ilikuwa Nero, ya Ujerumani. Jina lake kamili, Nero Burning ROM, ni utani juu ya yule mfalme Nero na moto wa Roma. Kwetu wengi tulitumia nakala za wizi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Namba ya kuifungulia nilipewa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Kwa asiyetaka kuiba palikuwa na cdrecord, iliyotolewa mwaka 1996 na Mjerumani mwingine, Jörg Schilling wa Berlin. Ilikuwa programu ya bure, na zaidi ya hayo ilikuwa huru: mtu aliruhusiwa kufungua maandishi yake ya ndani, kuyarekebisha na kuyagawa. Ilishirikiana na mkisofs, aliyoianza Eric Youngdale mwaka 1993, ambayo kazi yake ni kuyapanga mafaili katika sura inayofaa kuchomwa.

Asiyewahi kuchoma diski atauliza ugumu uko wapi. Ni kama kumimina zege la paa: ukianza husimami. Diski inazunguka, leza inaandika, na data lazima zifike bila pengo. Zikichelewa hata kidogo, diski imekufa. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta ufundi wa kuiwezesha mashine kusita na kuendelea pale ilipoachia, na hasara hiyo ikapungua sana. Kwa umeme kukatika hapakuwa na ufundi. Wenzangu mnaoukumbuka mgao wa mwaka 2006 mnajua ni diski ngapi tuliwapa watoto wachezee.

Schilling alikuwa fundi hodari na mtu mgumu. Alitaka mashine ya kuchomea itajwe kwa namba tatu, wakati watengenezaji wa kiini cha Linux walitaka itajwe kwa jina lake la kawaida ndani ya mfumo, wakabishana miaka. Alilalamika kwamba wanaogawa programu yake wanaichezea, kisha makosa yao yanarudi kwake. Sehemu ya kuchoma DVD aliifungia: ulihitaji ufunguo kutoka kwake. Mwaka 2006 aliifungua, lakini wakati huo huo alihamisha sehemu kubwa ya kazi yake kwenye leseni nyingine, CDDL, iliyotungwa na kampuni ya Sun, huku mkisofs ikibaki chini ya leseni ya zamani, GPL. Watu wa Debian wakasema leseni hizo mbili haziwezi kuchanganywa katika chombo kimoja kikagawanywa. Yeye akasema zinaweza. Septemba 2006 wakachukua toleo la mwisho waliloona halina mgogoro, wakaligeuza kuwa cdrkit, na cdrecord ndani yake ikaitwa wodim. Aprili 2007 ikatoka katika Debian 4.0. Jina la zamani waliliacha ili amri za watu zisikwame: kibao mlangoni ni kile kile, mwenye nyumba mwingine.

Mimi nadhani Debian walikuwa na haki ya kuogopa sheria, na Schilling alikuwa na haki ya kudai heshima ya kazi yake. Lakini waliorithi nyumba hawakuwa na mtu aliyejua kila bomba linapita wapi. Toleo la mwisho la cdrkit lilitoka mwaka 2010. Schilling aliendelea kuifanyia kazi cdrecord yake, wengi wakiwa wamekwisha kumwacha, mpaka alipofariki mwaka 2021.

Kilichoniokoa Jumapili ile ni programu ya tatu, growisofs, ya Andy Polyakov, iliyokuwa imekaa kimya ndani ya kompyuta yangu bila mimi kuitumia. Nikapunguza kasi mpaka mara nne, nikafunga mlango, nikazima na feni ili umeme usitetereke, ingawa sidhani kama feni ilikuwa na neno. Kila diski robo saa. Saa kumi alasiri zote tatu zilikuwa tayari.

Mjukuu yule alirudi mwaka 2019, akiwa na ndevu zenye mvi. Bibi alikuwa ameshafariki, na kompyuta yangu ya wakati ule ilikwisha kuuzwa kwa vipande. Diski mbili zilisoma vizuri. Ya tatu, yenye ile kaseti iliyokatika, ilikuwa imefifia ukingoni kwa joto. Nikaisoma siku mbili, sehemu kwa sehemu. Mzee anasikika akiwasalimu majirani mmoja mmoja kwa majina, anauliza kama mwembe umezaa, anasema, "Na umwambie kaka kwamba," na hapo panakatika.

Nikamwekea kila kilichopatikana ndani ya simu. Kisha nikamchomea diski mpya kwa xorriso, programu huru ambayo Mjerumani Thomas Schmitt ameitunza kwa miaka mingi, nikalinganisha nakala na asili yake, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino laini. Alizipokea kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza kama ninayo na mashine ya kuzichezea ya kumwuzia, maana kompyuta yake haina hata tundu la diski.