Waya Usio na Shaba

Waya wa kuunganishia, unaochomekwa tundu hili na kuishia tundu lile, ulitumika kwenye swichibodi za simu miaka mingi kabla ya kuingia katika muziki. Mwaka 1964 Robert Moog, mwenye karakana huko Trumansburg katika jimbo la New York, alishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch kuunda sintesaiza ya moduli. Kila kazi ilikuwa na kisanduku chake: kimoja kilizalisha mawimbi ya sauti, kingine kiliyachuja, kingine kilipandisha na kushusha nguvu yake. Visanduku hivyo havikuwasiliana mpaka mtu avifunge kwa nyaya. Miaka hiyohiyo huko California, Don Buchla alikuwa akiwajengea watunzi wa San Francisco Tape Music Center mtambo wao, na yeye alitenganisha nyaya za sauti na nyaya za kuongozea, kila aina na plagi yake. Programu nyingi za muziki za leo, ambazo nyaya zake huchorwa kwenye skrini, bado zinafuata utengano huo, ila zinauonyesha kwa rangi au kwa unene wa mstari.

Nyaya hazikupendwa na wote. Sintesaiza ya VCS3 iliyotolewa London na kampuni ya EMS mwaka 1969 ilitumia vijiti vidogo vilivyopachikwa kwenye ubao wenye safu za matundu. Minimoog ya mwaka 1970 iliunganishwa kabisa kwa ndani, na wapigaji wengi wakashukuru kuondokewa na msitu wa nyaya.

Asili ya pili ya waya wa skrini haitajwi sana, ingawa ndiyo ya zamani zaidi. Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs, aliifanya kompyuta ya IBM 704 ipige muziki mwaka 1957. Katika programu yake ya MUSIC III ya mwaka 1960 aligawa kazi ya kuzalisha sauti katika vipande vidogo. Kipande kimoja kiliandika matokeo yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kingine kikayasoma kutoka hapo. Muunganiko ulikuwepo tayari, lakini kwa maandishi tu. Anayesema kwamba programu ziliiga mitambo ya Moog anasimulia nusu ya habari, kwa kuwa Mathews alitangulia kwa miaka minne.

Nusu hizo mbili zilikutana Paris. Katika taasisi ya muziki ya IRCAM kulikuwa na 4X, mashine ya kuchakata sauti iliyobuniwa na Giuseppe Di Giugno, yenye kasi kubwa kwa zama zake lakini ngumu kuamrisha. Miller Puckette, mwanahisabati kijana kutoka Marekani, alifika hapo katikati ya miaka ya 1980. Mtunzi Philippe Manoury alikuwa akiandaa Pluton, kazi ya piano na 4X ambamo mashine ilipaswa kumsikiliza mpiga piano na kumjibu papo hapo. Ili kuiongoza 4X, Puckette aliandika programu ya kompyuta ndogo ya Macintosh iliyotuma amri zake kwa MIDI. Akaipa jina la Patcher, na baadaye Max, kwa heshima ya Mathews. Pluton ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988.

Kwenye skrini ya Macintosh hiyo, kila kazi ilikuwa kisanduku chenye neno moja au mawili, na matundu yake yalikuwa vijistari vyeusi juu na chini. Mtunzi alibonyeza tundu la chini la kisanduku kimoja, akavuta kipanya hadi tundu la juu la kingine, na mstari ukabaki umechorwa. Hakuna kilichoning'inia wala kuyumba. Chini ya mchoro huo kompyuta ilihifadhi taarifa chache tu: kisanduku kipi, tundu lipi, kwenda kisanduku kipi, tundu lipi. Hicho ndicho kiini cha waya wa programu hadi leo, hata ukipambwa vipi.

Puckette mwenyewe hakuutukuza mchoro. Katika makala aliyochapisha kwenye Computer Music Journal mwaka 2002, kuelezea miaka 17 ya kazi hiyo, alisisitiza kwamba jambo la msingi katika Max ni kupanga kazi zifanyike kwa wakati wake na kuziwezesha kupeana taarifa. Hoja hiyo aliihusisha na RTSKED, programu nyingine ya Mathews. Waya kwake ulikuwa njia ya kuandika mpangilio huo. Ni kauli ya mtu aliyeona sura ya chombo chake ikipata sifa kuliko chombo chenyewe, na ana haki ya kulalamika kidogo.

Kabla ya makala hayo palikuwa na mgogoro wa haki za umiliki. Max ilikuwa mali ya IRCAM, na taasisi hiyo iliikodisha kwa kampuni ya Opcode ya California, ambako David Zicarelli aliiboresha na kuiuza. Huko Paris, programu ilihamishiwa kwenye kompyuta za NeXT zenye kadi maalumu za kuchakata sauti, na sasa nyaya za skrini zikabeba sauti yenyewe badala ya amri peke yake. Lakini NeXT iliacha kutengeneza kompyuta mwaka 1993. Mwaka uliofuata Puckette alihamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na kwa kuwa programu aliyoianzisha haikuwa yake, akaanza upya. Mwaka 1996 alitoa Pure Data, inayoitwa Pd kwa ufupi, bure na yenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu. Kilichoshangaza ni hatua iliyofuata: Zicarelli alichukua sehemu ya sauti ya Pd, akaiunganisha na Max ya biashara, na mwaka 1997 akatoa MSP, herufi ambazo pia ni za mwanzo za majina ya Puckette. Opcode iliponunuliwa na Gibson na kudorora, Max ikaishia mikononi mwa kampuni ya Zicarelli, Cycling '74. IRCAM nayo ilikuwa na tawi lake, jMax, ambalo halikudumu.

Max na Pd zinafanana kwa macho, lakini zinatofautiana katika jambo linalowatesa wanafunzi. Tundu moja likitoa nyaya mbili, ipi itangulie? Max hutazama mahali kisanduku kilipo, na cha kulia hupokea kwanza. Ukikisogeza, matokeo yanaweza kubadilika. Pd hufuata waya uliochorwa kwanza, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Hapo mchoro unaficha badala ya kuonyesha, na zote mbili zinahitaji kisanduku cha ziada cha kupanga zamu.

Mzunguko ni tatizo jingine. Waya wa shaba unaweza kurudisha sauti ilikotoka bila shida, lakini kompyuta lazima ianze kukokotoa mahali fulani. Pd huchakata sauti kwa mafungu ya sampuli 64, na mzunguko wa sauti uliofungwa moja kwa moja huukataa. Mtunzi hutumia visanduku vya kutuma na kupokea, sauti ikichelewa kwa fungu moja, takriban milisekunde 1.5.

Biashara ndiyo iliyourudishia waya umbo. Native Instruments ya Berlin ilianza na Generator mwaka 1996, mzazi wa Reaktor. Clavia ya Stockholm ilitoa Nord Modular: sauti ilikokotolewa ndani ya kifaa, kompyuta ikitumika kuchora nyaya tu, nyekundu za sauti, za buluu za kuongozea, za njano za mantiki. Ni aibu kwamba kazi nyingi zilizochorwa hivyo zinategemea programu isiyofunguka kwenye Macintosh za leo. Mwaka 2000 Propellerhead, pia ya Stockholm, ilitoa Reason. Ukibonyeza kitufe cha Tab, kabati zima la vyombo lililochorwa kwenye skrini linageuka na nyaya zinayumba kwa nyuma, madoido yasiyoongeza chochote kwenye sauti ila yaliyouza programu.

Programu ya VCV Rack ya Andrew Belt, iliyotoka Septemba 2017, iliiga moduli za Eurorack, mtindo ulioanzishwa na Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990. Yenyewe huchakata sampuli moja baada ya nyingine, na kila waya huchelewesha ishara kwa sampuli moja, kwa hiyo mizunguko inaruhusiwa. Toleo la mwaka 2019 liliwezesha waya mmoja kubeba hadi njia 16 za ishara, jambo ambalo waya wa kawaida wa shaba kwenye mitambo hiyo hauliwezi. Menyu yake ina vidhibiti viwili vinavyohusu nyaya: kimoja huzifanya zionekane hafifu ili zisizibe vitufe, kingine huamua zining'inie kiasi gani.