Logi Iliyomeza Diski

Nilianza kutunza kanzidata mwaka 1997, katika ofisi moja ya Dar es Salaam, kwa SQL Server 6.5. Siku hizo logi ya miamala haikujiongeza. Ukiipa megabaiti 50, ndizo hizo. Ikijaa, hakuna risiti inayoingia: makarani wanakaa mikono mitupu na mhasibu mkuu anakuja kusimama nyuma ya kiti chako. Dawa yetu ilikuwa DUMP TRANSACTION WITH NO_LOG. Logi ilimwagwa bila nakala. Diski ikifa jioni, kazi ya mchana kutwa imekwenda na maji.

Logi yenyewe haikuwekwa kutukomoa. Jim Gray, akiwa IBM kule San Jose, aliieleza kanuni yake katika maandishi ya 1978: andika badiliko kwenye logi kwanza, ndipo uguse data. Umeme ukikatika (na kwetu ulikatika kweli), mashine ikiwaka inasoma logi na kujua kipi kilikamilika na kipi cha kutengua.

Toleo la 7.0 lilipotoka 1998, faili zikawa zinajiongeza zenyewe, asilimia 10 kila mara. Tulishangilia. Hatukuona kwamba ukuta wa logi kujaa haukubomolewa, umesogezwa tu mpaka mwisho wa diski.

Mimi niligonga ukuta huo 2003. Kila usiku nilichukua nakala kamili ya kanzidata, nikilala usingizi mnono. Ijumaa moja mfumo ukagoma: data gigabaiti 2, logi gigabaiti 31! Nakala kamili haipunguzi logi hata chembe. Katika hali ya urejeshaji iitwayo Full, iliyokuja na toleo la 2000, kinachoachia nafasi ni nakala ya logi yenyewe. Nikapanga kazi ya kuichukua kila dakika 15, na hiyo ndiyo otomatiki iliyonifaa.

Toleo la 2008 liliifuta amri ile ya kumwaga. Wenzangu walinung'unika, mimi naona ilichelewa. La 2016 likaacha asilimia 10, nyongeza ikawa megabaiti 64, kwa kuwa nafasi mpya ya logi ilijazwa sifuri kwanza, na asilimia 10 ya logi kubwa iliwasubirisha watu wote.

Nawe unayetunza seva, fungua sys.databases leo, usome safu ya log_reuse_wait_desc. Ukiikuta LOG_BACKUP saa baada ya saa, huenda hakuna anayechukua nakala ya logi yako.