Mizigo ya Marehemu

Kilomita chache kutoka Tabora mjini, pale Kwihara, ipo tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nimewapeleka wanachuo wa ualimu pale mara nyingi, na kila mara niliwaeleza habari za wazungu hao wawili, kwani ndivyo nilivyofundishwa nami. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kisa kikubwa zaidi cha Unyanyembe kilitokea mwaka uliofuata, na wenye kisa walikuwa watu wa mizigo.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na daftari na vyombo vyake vya kupimia. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia huyohuyo Livingstone. Akawashauri wamzike hapo, wakakataa. Lakini alivitwaa vingi vya vile vyombo ili avitumie katika safari yake mwenyewe. Mwili na daftari vilifika Bagamoyo Februari 1874. Kwa hiyo mali ya marehemu ilipungukia mikononi mwa bwana mkubwa, wala si mikononi mwa waliomtwika mabegani kwa miezi tisa.

Sisi watu wa njia hii tumebeba mizigo ya kila namna. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa, na katika nyumba zao ni nadra kukuta hata kifungo cha shati. Hawakupigwa picha. Aliyekuwa askari alau aliacha kitu. Nimeonyeshwa katika nyumba mbili sarafu za shaba za hela 20, zilizopigwa hapahapa Tabora mwaka 1916 Wajerumani walipoishiwa fedha, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huohuo. Zile za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, sijaziona kwa macho yangu. Nadhani mwenye nayo haonyeshi mwalimu.

Inasimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, wazee mia tatu na zaidi walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, walivyovitunza zaidi ya miaka arobaini. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Watu hucheka wakisikia kisa hiki. Mimi huwafikiria wajane. Mjane angeshika ufagio kwa amri gani?

Baba yangu mdogo alipigana Burma na KAR. Alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake nishani moja, kitabu cha kuachishwa jeshi, na picha aliyopigwa India akiwa amesimama kando ya chungu cha maua kama bwana harusi. Kambi ya Tabora ilipoitwa Kalewa, jina la mji wa Burma uliotekwa mwishoni mwa mwaka 1944, yeye alikuwa akipita pale akitabasamu peke yake. Hayo yalikuwa malipo yake makubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi. Ilikuwa imetimia miaka kumi tangu vijana wetu waingie Kampala, Aprili 1979, nikaona ni vema tufanye maonyesho. Nikawaagiza watoto walete vitu vya vita vya Kagera kutoka nyumbani. Vikaja mikanda, makopo na picha. Mtoto mmoja wa darasa la sita alileta picha ya baba yake mdogo, mwanamgambo aliyeitwa mwishoni mwa mwaka 1978, akafia Uganda, na sasa amelala Kaboya pamoja na wenzake zaidi ya 600. Aliichomoa kwenye fremu bila kumwambia bibi yake. Nasi tukaibandika juu ya manila kwa uji wa muhogo. Nilisimamia mwenyewe, tena nilisifu jinsi ilivyonyooka.

Siku ya tatu mama mwenye picha akafika ofisini. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, naomba mwanangu." Nikachukua kitambaa chenye maji, nikaanza kuibandua, na hapo ndipo nilipoona aibu ambayo haijaniisha: ngozi ya nyuma ya picha ilibaki kwenye manila, na kwenye ngozi ile palikuwa na mwandiko. Hakuna aliyejua kwamba umo. Picha ilimfikia mama ikiwa tayari ndani ya fremu, na miaka yote hiyo ilitundikwa ukutani.

Maandishi yalikuwa kinyumenyume. Mwalimu mwenzangu akaleta kioo, tukaielekeza manila dirishani. Mengi yalikuwa yameshalowa kwa maji yangu. Tuliyoyapata ni haya: "Mama, saa hii ni ya mwenye studio. Mimi sijanunua saa."

Mama akaomba nisome tena. Nikasoma. Akakaa chini sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo.

Ni mwenzangu yule aliyenieleza baadaye. Mizigo ya marehemu ililetwa na kijana wa kijiji chao aliyekuwa naye kikosini: begi, sahani ya bati, mkanda na blanketi la kijivu. Mama alivitazama vitu vile, akaitazama picha, akauliza saa iko wapi. Kijana akasema hajui habari ya saa. Tangu hapo hakumwitikia salamu. Kijiji kikampa kijana jina la Bwana Saa, mpaka akahamia mjini, ng'ambo ya reli.

Nilitaka kuandika barua. Mama akakataa, akasema neno lililoharibiwa kwa mdomo halitengenezwi kwa karatasi, na kwamba mimi ndiye niliyeifungua picha, basi niende. Nikaenda Jumamosi kwa baiskeli, nimekunja kipande kile cha manila ndani ya daftari.

Nilimkuta akitengeneza kitanda cha kamba uani. Nikamwamkia, nikakaribishwa kigoda, nikamweleza yote tangu uji wa muhogo. Nilimpa kioo, akasoma mwenyewe, midomo ikichezacheza. Kisha akasema kwamba begi lile alilibeba kutoka Masaka hadi Bukoba, akapanda nalo meli mpaka Mwanza, na usiku ndani ya treni aliulalia mkanda wake asije akaibiwa. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Nikamwambia mama anamwomba aende nyumbani, hata leo.

Akarudia kamba yake, akavuta fundo mbili tatu. Kisha akaniuliza, "Lile blanketi bado lipo? Maana nililifua Bukoba, na doa moja lilikataa kutoka."