Chuo Kilichopanda Gari

Mtu wa Busia atakuambia boda boda ilizaliwa kwetu. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba abiria kati ya vituo vya Kenya na Uganda wakiita "boda, boda!" Sawa, tujivunie. Ila kuna kitu kingine kilichovuka mpaka huu bila kulipiwa ushuru: namna ya kufundisha sanaa.

Mwaka 1965, mhadhiri David Cook na wanafunzi wa Makerere walianzisha kundi la maigizo la kusafiri. Likizoni walipanda gari wakaigiza bure mashuleni na vijijini, Uganda na hata Kenya, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji. Hebu jiweke pale: hakuna pazia, hakuna taa, na watazamaji wako hawajui lugha uliyofanyia mazoezi. Hapo kuigiza peke yake hakukuokoi. Lazima umtegemee anayejua lugha, anayejua ngoma, hata anayejua kupanga mizigo.

Kisha Idi Amin akapindua serikali mwaka 1971, na wasanii wengi wakakimbia. John Ruganda, mwandishi wa tamthilia aliyesoma Makerere, akaja Kenya. Katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kundi lake la kuzunguka, na Ruganda akawa miongoni mwa walioliongoza.

Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, somo likageuka kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o, naye zao la Makerere, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Kĩmani Gecaũ, mhadhiri, akaielekeza. Wakulima na vibarua walisahihisha maneno, wakafundisha nyimbo, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Wasomi wakawa wanafunzi. Serikali ikapiga mchezo marufuku Novemba, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini Desemba. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Sisi wa tamthilia tulikuwa na darasa letu, wa muziki na lao, wa uchoraji huko nyuma. Tulisalimiana kantini tu. Mwisho wa muhula kila idara ilionyesha kazi yake kivyake, na sisi tukatumia muziki wa simu huku wapiga ngoma wako ukuta wa pili.

Nyumbani Bukhayo, matangani, sijawahi kuona ukuta huo. Mpiga ngoma humtazama mchezaji, mwimbaji humwachia msemaji nafasi, na mama wa jikoni akijua wimbo huuitikia akiwa na mwiko mkononi. Mtoto hujifunza kwa kusimama karibu.

Makerere ilihitaji gari kulijua hilo, na Kamĩrĩĩthũ ililipia. Vyuo vya leo vinaweza kuanza na kitu rahisi zaidi: kugonga mlango wa darasa la pili.