Excel ya Chama Imegoma na Aliyeitengeneza Hashiki Simu? Anza Hapa

Chukulia uko Ishiara, Mbeere North, siku ya kugawana doh ya chama. Wamama wa ndengu wameshaketi wakingoja. Mhazini anafungua ile Excel kwa laptopu mpya, na kitu ya kwanza kutokea ni "Compile error in hidden module: ThisWorkbook". Msee aliyeitengeneza alifunga msimbo na nenosiri, na saa hii ni mteja. Noma.

Presha kando kwanza. Huo ujumbe hausemi rekodi zimepotea. Unasema Excel imekwama kwa mstari fulani wa makro na haiwezi kukuonyesha ni upi, juu msimbo umefungwa. Weka kopi kwa flash, halafu ufungue hiyo kopi kupitia File, Open ukiwa umefinya Shift. Makro za kuanza hazitaamka, na majina na hesabu utaziona, isipokuwa zile karatasi zilizofichwa.

Sasa jiulize nini kimebadilika. Kama ilikuwa fiti kwa mashine ya zamani, mshukiwa namba moja ni biti. Ingia File, Account, About Excel, usome 32-bit ama 64-bit. Tangu Office 2019, Office hujiweka ya biti 64 usipochagua ingine. Makro za kitambo zinazoita Windows moja kwa moja hukwama hapo kama hazina neno PtrSafe, na hilo ni mwenye msimbo tu anaweza kuongeza. Wewe unaweza kutoa Office hiyo uweke ya biti 32, ama urudi kwa mashine ya zamani umalize kazi ya leo. Mimi ningerudi kwa ya zamani, wamama wasilale njaa.

Biti ziko sawa? Basi huenda kuna kifaa kimekosekana. Ile kalenda ya kuchagua tarehe, MSCAL.OCX, iliondolewa kwa Office 2010, na faili nyingi za zamani bado huitafuta.

Fungua pia Excel tupu. Kama kosa linatokea hata hapo, faili ya chama haina makosa. Kuna programu ya pembeni imejibandika kwa Excel, na PDFMaker ya Acrobat za zamani ilikuwa na hiyo tabia. Finya Ctrl ukifungua Excel ili iingie Safe Mode. Ikitulia, zima hizo za pembeni moja moja kwa File, Options, Add-ins.

Kwa simu usijisumbue, Excel ya simu haiendeshi makro.

Kuna jamaa atakuambia anaweza "kuvunja" hiyo nenosiri na programu ya kudownload. Ukweli ni kufuli ya VBA si ngumu sana, lakini hizo programu mara nyingi hubeba virusi, na unaziweka kwa mashine yenye hesabu za watu. Isitoshe, Copyright Act ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama maandishi ya mtu.

Mwenyewe akipatikana, usimwambie tu "imekataa". Mtumie picha ya ujumbe mzima na jina la moduli baada ya nukta mbili, toleo la Office na biti zake, na ulikuwa umebonyeza nini. Halafu mkubaliane nenosiri iandikwe, iwekwe kwa bahasha, ikae na mwenyekiti.