Haijafunguliwa, Haijatembea: Upya wa Vitu katika Kiswahili cha Masoko ya Nachingwea na Ruangwa

Wanaolinganisha Kiswahili na Kiingereza katika lugha ya biashara hupenda kudai kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno kati ya kitu kipya na kitu chakavu, na ushahidi wanaoutoa ni jinsi wauzaji wa simu, pikipiki na nguo wanavyokimbilia maneno kama "used", "full box" na "gredi A". Kwa mtu anayetazama orodha ya vivumishi peke yake, dai hilo lina ukweli, maana upande mmoja pana -pya, upande wa pili pana kuukuu na chakavu, na katikati hapana kitu. Makala haya yanashikilia kwamba uhaba huo ni wa kudhaniwa tu, kwa kuwa Kiswahili hupima upya kwa kitenzi zaidi ya kivumishi, na kwamba tofauti hiyo ina uzito wa fedha kwa mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anayelipwa korosho zake kupitia chama cha msingi na siku ileile kuingia dukani.

Kiingereza hufanya kazi kwa lebo, yaani maneno yaliyokwisha kugandishwa ambayo kitu hubandikwa. "Brand new" ilitokana na jina la kinga cha moto, ikimaanisha kitu kilichotoka motoni kwa mhunzi sasa hivi. Shakespeare alitumia "fire-new" kwa maana hiyohiyo. "Mint" ni karakana ya kufulia sarafu. Lebo hizi zilianza kama masimulizi ya mahali kitu kilikotoka, kisha masimulizi yakasahaulika na sifa ikabaki. Iliyo dhaifu kuliko zote ni "nearly new", inayopendwa na wauza magari wa Uingereza, kwa sababu inaeleza ukaribu bila kueleza kitu kilitumiwa na nani, kwa muda gani, wala kwa kazi gani.

Kiswahili huyaacha masimulizi hayo wazi. Muuzaji anaposema simu haijafunguliwa, anaunganisha ukanushi, kiwakilishi cha kitu na kiambishi -ja-, ambacho hukanusha tendo kuanzia mwanzo hadi dakika ya mazungumzo huku kikiacha mlango wazi kwamba tendo hilo linaweza kutokea baadaye. Kauli hiyo ina madai mahususi, nayo hukaguliwa: mnunuzi huigeuza simu, akatazama kama vichwa vya skrubu vina mikwaruzo ya bisibisi ya fundi. Pikipiki haijatembea, injini haijaguswa, khanga haijaingia maji: kila bidhaa ina tendo lake linaloondoa upya, na wanaoijua bidhaa hulijua tendo hilo. Khanga iliyovaliwa mara moja bila kufuliwa bado ina ugumu wa wanga wake wa kiwandani, na kwa wanawake wengi hiyo haijatoka katika upya. Tendo likishatokea, -me- hushika nafasi pamoja na kipimo, kama vile imetembea kidogo au imetumika miezi miwili, na hapo ndipo lilipo lile eneo la katikati linalodaiwa kuwa tupu. Madereva wa bodaboda wanaoacha nailoni ya kiwandani juu ya kiti kwa miezi kadhaa wanaifahamu sarufi hii vizuri, kwani wanaahirisha kitenzi kimoja kati ya vile vitakavyoulizwa siku ya kuuza.

Soko la mitumba linaonyesha kanuni hiyo kwa namna inayokaribia kichekesho. Katika karne ya 19 mtumba ulikuwa mzigo wa nguo mpya, hasa merikani, ambao wapagazi waliubeba bara kutoka bandari kama Kilwa na Lindi; leo neno hilo ni la nguo zilizovaliwa ughaibuni, ambazo Watanzania wa zamani waliziita kafa Ulaya. Hata hivyo, ndani ya mitumba kuna upya wake. Belo likifunguliwa asubuhi, wateja wa kwanza hulipa bei ya juu kwa sababu nguo hazijachaguliwa, na kufikia jioni shati lilelile lililokataliwa na mikono mingi hutupwa kwenye fungu la bei ya chini, ingawa halikuchakaa hata kidogo baina ya saa hizo. Kinachopimwa hapo ni macho na mikono iliyolipitia tangu belo kukatwa kamba, wala si umri wa shati.

Magari nayo huhesabiwa kwa njia hiyo. Gari lililotumika miaka mingi Japani huitwa jipya likishuka bandarini, na baada ya hapo umri wake sokoni husomwa kwenye herufi ya mfululizo wa usajili, ndiyo maana watu husema "namba D" au "namba E". Dola hulitazama kwa jicho jingine: ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yaliyotumika hufuata mwaka wa kutengenezwa. Gari moja linaweza basi kuwa chakavu mbele ya forodha na jipya mbele ya jirani, na hakuna kati yao aliyekosea.

Nachingwea ina historia inayoonyesha gharama ya kununua kwa lebo. Mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kugusa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulikosa matrekta mapya kwa sababu ya uhaba wa baada ya vita, ukanunua mitambo iliyobaki kwenye akiba za kijeshi hadi Ufilipino, na vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kiingereza kina lebo moja ya heshima kwa mitambo iliyofanyiwa matengenezo, "reconditioned", nayo haielezi mtambo ulikaa wapi wala ulifunguliwa mara ngapi. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo iliharibika mapema. Sababu za mradi kufutwa mwaka 1951 zilikuwa nyingi, zikiwemo udongo na mvua, na mojawapo ni kutegemea mashine zilizokwisha kutumika ambazo hazikudumu.

Inaweza kupingwa kwamba muuzaji mwongo hudanganya kwa kitenzi kama anavyodanganya kwa lebo. Ni kweli, ila uongo wa kitenzi una pa kushikwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, hupata shabaha iliyo wazi zaidi katika "haijafunguliwa" kuliko katika "gredi A". Udhaifu halisi wa mfumo huu uko kwingine. Ushahidi wa kitenzi hutegemea muuzaji anayejulikana na bidhaa inayoweza kugeuzwa mkononi, kama ilivyo katika soko la Ruangwa, ambako mtu akidanganya leo atakutwa palepale kesho. Simu inapouzwa kwa picha kutoka Kariakoo na kupelekwa Nachingwea kwa basi, mnunuzi hana mtu wa kumuuliza wala skrubu ya kuitazama, na ni katika biashara hiyo ya masafa ambamo "used" na "full box" zimestawi kuliko kwingine kokote.